Flashi Yenye Shajara Yake

Jumatatu, 6 Mei 2024

Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika mara tatu kabla ya adhuhuri, na mara ya tatu laptopu ya Majid imekataa kuwaka. Kioo cheusi, maandishi meupe, basi. Nimeizima, nimeiwasha, nimeibembeleza. Wapi!

Laptopu yenyewe haina diski, ilikufa mwaka juzi. Majid akaiwekea mfumo wa Linux ndani ya flashi, ikawa flashi ndiyo roho na mashine mwili tu. "Kompyuta ya masikini hii," akisema, na anacheka. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni msitu wa Jozani, kuwaonesha kima punju. Kompyuta zilikuwa maradhi yake ya pili. Ya kwanza figo. Hizo ndizo zilizomchukua, Ramadhani hii, kumi la mwisho.

Nami nimo edani. Miezi minne na siku kumi sivuki kizingiti, siwezi kwenda Darajani kutafuta fundi. Na ndani ya flashi ile mna sauti yake — rikodi kumi na moja, kanirikodia mimi alipokuwa hoi kitandani. Nimejiwekea sharti: moja kila Ijumaa. Nshasikiliza nne.

Kwa nini moja moja? Niseme kweli, hapa hakuna anayesoma. Naogopa. Katika ya tatu kasema: "Bahiya, kuna jambo nimekukosea. Leo sina pumzi nalo. Nitalisema katika ya saba." Na mimi sina haraka ya kufika ya saba.

Jumanne, 7 Mei

Mama mkwe, Bi Tabia, kaniuliza tena, uji ungali mdomoni: "Ushamsamehe mwanangu?" Kila siku ya Mungu, tangu walipotoka kuzika. Bila ya radhi ya mke, anasema, mwanawe atabanwa huko aliko. Nikamwambia, kunywa uji mama, unapoa.

Nimsamehe nini? Hivyo ni kutia saini karatasi tupu.

Ndugu yangu Basil kaipeleka flashi Bububu, kwa Haitham, fundi, rafiki wa Majid. Jawabu limekuja jioni: flashi imechoka. Kumbe flashi ina umri wa kuandikwa! Ukishakwisha inakubali kusomwa tu, halafu hata hilo inakataa. Rikodi zote zingalimo. Zihamishwe upesi.

Alkhamisi, 9 Mei

Haitham kaja na flashi mpya. Kakaa chini ya ngazi, mimi juu nyuma ya pazia, Basil katikati, anapanda na kushuka kama ndoo ya kisima.

Suala: mfumo gani wa faili? Flashi haipokei kitu mpaka uichagulie mfumo. Basil kauliza, mfumo wa faili ndiyo nini? Haitham akasema, ni utaratibu wa kupanga vitu, kama kabati. Kuna kabati la rafu tupu, kuna la milango na kufuli.

FAT32 — rafu tupu. Kila mashine inaisoma, hata redio. Lakini Linux haikai humo, maana haijui kipi cha nani.

ext2 — nyepesi, haiandiki sana, flashi itaishi. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, haijui ilikuwa inafanya nini.

ext4 — hii ina shajara.

"Ina nini?" Nimeuliza mwenyewe, nikasahau kama kuna Basil.

Shajara, Bi Bahiya, akanijibu Haitham. Kabla ya kufanya jambo, inaandika kwanza kwamba inataka kulifanya. Umeme ukikatika, ikiamka inajisoma, inajua ilikwama wapi. Ubaya wake, kwa kuandika sana inaichakaza flashi.

Bi Tabia huyo, kutoka chumbani: "Shajara gani na mwanamme, na mtu yumo edani!"

Basil akamwambia ni mambo ya kompyuta hayo, bibi.

"Na huyo anayekohoa huko chini, naye ni kompyuta?"

Nikacheka. Mara ya mwanzo tangu msiba. Kisha nikajiona sina haya.

Haitham alinishauri mambo mawili, nayaandika ili nisije nikasema sikuambiwa. La kwanza: flashi igawanywe, kipande kidogo FAT32 kwa ajili ya sauti, Linux ikae kwengine. La pili: nakala iwekwe mahali pengine. Nimeyakataa yote mawili. Nakala kwa nani? Simu yangu imejaa, haipokei hata picha. Kwa Basil, watoto wake wamsikie Majid anakohoa? Na wifi yangu Dalal akijua tu kama kuna rikodi, kesho Malindi nzima imesikiliza.

Nikauliza: nikitaka ext4 flashi yote, mashine ya mtu mwengine itaifungua?

Hasha. Hizi Windows za maofisini hazitaiona. Zitasema flashi haina kitu.

Nikasema, basi hiyohiyo.

Ijumaa, 10 Mei

Imewaka! Haitham kaimaliza kazi jana, Basil kaniletea asubuhi. Kila kitu mahali pake, hata ile picha ya kima nyuma ya kioo. Ile flashi ya zamani imekufa moja kwa moja mara baada ya kuhamisha. Haitham kasema tumeponea chupuchupu.

Nimesikiliza ya tano baada ya sala. Anazungumza mvua ya msituni, viatu vyake vya mpira, mgeni mmoja aliyenyang'anywa miwani. Hajasema lolote la maana. Nimeirudia mara nne.

Ndani ya daftari la Majid la kompyuta kuna sharti kwa wino mwekundu: USICHOMOE KABLA YA KUZIMA! Nimezima, nimechomoa, nimeitia kwenye kopo tupu la halua juu ya rafu. Nani atafikiria kutafuta kompyuta ndani ya kopo la halua?

Jumanne, 14 Mei

Arubaini. Watu wengi, viatu hadi chini ya ngazi. Hitima, kahawa, halua. Mguu unaniuma. Kila mwanamke aliyekuja kanambia Majid alikuwa mtu mwema, na kila nikiitikia nasikia mwiba moyoni. Mtu mwema. Basi ya saba ina nini?

Kama ni mwanamke? Mara kwa mara alikuwa akilala Jozani, akisema gari zimekwisha. Astaghfirullah. Nimeandika, sifuti.

Jumatano, 15 Mei

Umeme umekatika nikiwa ndani ya laptopu, na betri yake haina hata dakika. Nikajua tumekwisha. Uliporudi, ikasita kidogo, ikajisoma shajara yake, ikaamka kama haikuguswa. Nimejisifu peke yangu chumbani. Nimechagua vizuri, wallahi.

Ijumaa, 17 Mei

Ya sita. Fupi, dakika mbili. Sauti imekwisha kabisa, najikaza kusikia. Mwisho kasema: "Inayofuata, kula kwanza ndipo usikilize. Nakujua wewe."

Sijala tangu hapo.

Jumapili, 19 Mei

Bi Tabia halali. Redio yake ndogo, ile ya kuchomeka flashi inayomsomea Kurani, imekaa kimya tangu wiki iliyopita. Flashi yake imeharibika. Anashinda anazunguka na tasbihi, chumba hiki chumba kile, anamwita Majid na kunita mimi. Kwa jina moja wakati mwengine. Leo "ushamsamehe?" mara tano. Ya tano nilimjibu vibaya. Akalia. Nami nikalia, kila mtu chumba chake.

Jumatano, 22 Mei

Leo angalau kheri. Dalal kaja, redio inasoma! Jana alipopita kumtazama mamake aliokota flashi, akaenda nayo ofisini kwake, akaitia Msahafu mzima, juzuu thelathini, thawabu zote zimwendee kaka yake. Bi Tabia kaiweka redio mapajani, machozi yanamtoka na anatabasamu. Alasiri kalala usingizi wa haki. Nimemkumbatia Dalal mlangoni. Nimekuwa nikimdhania mabaya mno wifi yangu huyu.

Kesho kutwa ndiyo Ijumaa. Nimekula wali kidogo, najizoeza.

Alkhamisi, 23 Mei

Kopo tupu.

Nimelipindua, nimelipiga chini, nimetia mkono kama mwendawazimu. Kisha nikasikia redio chumba cha pili, nikajua flashi iko wapi.

Nimempigia Dalal. Ndiyo, kwenye kopo la halua! Alitaka kipande cha kunywea kahawa, akafungua, akakuta flashi. Akadhani mbovu, imetupwa humo. Na kweli ofisini mashine ikamwambia haina kitu, isafishwe kwanza ndipo itumike. Akabonyeza ndiyo.

"Kwani vipi, Bahiya? Ilikuwa na kitu?"

Nikasema hapana, wifi. Haikuwa na kitu. Mwenyezi Mungu akulipe.

Ningesema nini? Nimgombeze mtu kwa kumsomea kaka yake Kurani? Kafanya jambo ambalo kila mtu katika mji huu angemshukuru. Mimi ndiye niliyetaka kabati la kufuli. Mimi ndiye niliyetaka kila mashine iangalie na iseme hamna kitu. Ingekuwa rafu tupu, Dalal angeona rikodi kumi na moja zimepangwa, jina langu juu yake, angesita. Na ningekuwa na moyo ningezisikiliza zote siku ya kwanza. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikiusikia msemo huu tangu mdogo, nikidhani ni wa wavivu.

Ile shajara nayo imefutwa. Ndiyo iliyokuwa ikijua ilikwama wapi.

Basil kazungumza na Haitham. Haitham kasema: kusafisha kwa haraka hakufuti kila kitu, kunafuta orodha tu. Lakini pale palipokaa Kurani, cha chini yake kimekwenda. Pasipokaa, huenda kikapatikana. Huenda, kasema mara tatu. Sharti moja: flashi isiandikwe tena hata herufi. Na redio hizi nyengine, ukizizima au zikizimika, zinaandika ndani ya flashi mahali zilipofikia. Basi isizimwe. Ichomolewe hivyo hivyo inaposoma. Atakuja kesho baada ya sala.

Kuchomoa kabla ya kuzima. Majid, umesikia?

Bi Tabia hakuizima usiku kucha wala mchana. Inasoma tu, waya umo ukutani. Namuomba Mungu, na mimi huyuhuyu namuomba umeme usikatike.

Ijumaa, 24 Mei

Saa tisa kasoro. Naandika nimekaa kwenye mkeka, ubavuni mwa kitanda cha Bi Tabia. Nimekula. Nimekula kweli, mkate na chai, kwa kuwa Majid aliniambia.

Mvua imepungua. Haitham yuko chini ya ngazi, Basil kaja kunambia kwa ishara. Redio iko kifuani mwa Bi Tabia, kaikumbatia kwa mikono miwili. Kalala, au kafumba macho. Uso umemkunjuka, sijapata kumwona hivi tangu msiba. Flashi inachomoza ubavuni mwa redio, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Mkono wangu wa kushoto unaifikia.

Nilisema nitangoja sura imalizike. Imemalizika, ikafuata nyengine, nikasema nitangoja na hii. Ndiyo mwendo wangu huo. Nikichomoa, nyumba itanyamaza naye ataamka, ataniuliza kwa nini, na itanibidi nimwambie kwamba mwanawe alinikosea jambo. Nisipochomoa, umeme utakatika wenyewe, hii nchi yetu.

Kaniita sasa hivi. Macho kafumba vilevile. "Bahiya!"

Nikaitika, "Naam."

Akashusha pumzi ndefu, akasema, "Alhamdulillahi. Mungu akuridhie, mwanangu. Sasa atapumzika."

Kumbe alikuwa keshauliza lile la kila siku, ushamsamehe, mdomoni mwake, chini ya sauti ya redio, na jina langu ndilo lililokuwa neno la mwisho. Mimi nimeitikia wito tu! Yeye kasikia ndiyo. Nataka kumwambia, mama, sikusikia, niulize tena. Anatabasamu. Kalegeza mkono mmoja, redio imebaki na mkono mmoja tu.

Chini Haitham kakohoa mara ya pili. Vidole vyangu viko juu ya flashi, ina joto, na taa ya dari imeanza kupepesa