Fundi Haruki Ukurasa

4 Machi

Kwa kitindamimba wangu,

Pokea salamu za baba yako, mzima wa kila kiungo isipokuwa meno. Mama yako hajambo kidogo. Kifua bado kinamkamata, hatoki kitandani.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu kalamu. Nina miaka sitini na tisa, kusoma nimejua mwaka juzi tu, na tayari hakuna mzee wa kanisa hapa anayenifikia. Wao wanaiparamia Biblia kama mbuzi kwenye shamba la watu, leo mwisho, kesho katikati. Mimi nimeanzia tofali la kwanza. Ukurasa mmoja kwa siku, kwa kidole, na siruki.

Basi nimefika kitabu cha tatu, Walawi, sura ya kumi na tano. Mwanamke anayetokwa na damu kupita siku zake ni najisi, na kitanda chake, na kiti chake, na atakayemgusa. Nikakuona wewe pale wazi kabisa. Mwaka wa tatu huu damu haikatiki, tangu ujifungue yule marehemu. Sikutukani, imeandikwa. Kwa hiyo usije hapa mpaka ikauke. Kile kiti ulichokalia mara ya mwisho nimekichoma moto. Kilikuwa kiti kizuri.

Wako baba, Fundi.

19 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi nipo. Bado nafua mashuka ya hoteli, na damu ni ile ile. Daktari kasema ni uvimbe, nasubiri zamu yangu ya kupasuliwa. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimekaa chini.

Baba, naomba uruke, mara moja tu. Fungua Marko, sura ya tano. Yuko mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, ugonjwa wangu huu huu. Alipenya katikati ya watu akamgusa Yesu vazi, kwa nyuma. Hakufukuzwa. Aliitwa "Binti," akaambiwa imani yake imemponya.

Shangazi kanipigia simu, mama hawezi tena kukaa bila kuegemezwa. Nataka nimwone angali ananijua. Nitasimama mlangoni, sitagusa kitu.

Mwanao, kitindamimba.

2 Aprili

Binti yangu, marahaba. Mimi sijambo, mama yako ni vile vile.

Unamfundisha fundi aanzie kwenye paa? Ukuta wa kanisa hili nimeupandisha mimi, mwaka wa thelathini huu hauna ufa hata wa kupitisha wembe, kwa sababu kozi ya matofali ilikaa juu ya kozi. Marko nitafika. Nimepiga hesabu, ni miaka miwili na ushei. Vumilia.

Barua yako nilimsomea mama yako kwa sauti, nasoma vizuri sana siku hizi. Akasema, "Fundi, ruka." Miaka arobaini na minne ya ndoa hajawahi kunipa amri. Nikamwambia kazi ya mgonjwa ni kulala.

Baba yako.

28 Aprili

Binti, hujambo? Mimi sijambo, nina hasira tu.

Mama yako amekiri mwenyewe. Jumapili nilipokuwa kanisani ulikuja kwenye dirisha la kitandani kwake, upande wa barabara, akakupa mkono kupitia nondo, ukaushika mpaka kengele ya kutoka ibada. Umemnajisi. Sheria inasema aliyegusa aoge kwa maji, naye awe najisi hata jioni. Basi nikambeba hadi uani nikamwogesha, ndoo mbili, za baridi, maana hakuna palipoandikwa maji yapashwe moto. Alitetemeka sana. Amekuwa mwepesi siku hizi.

Jana nikaziba dirisha. Kozi tisa, pimamaji imetulia katikati, saa saba mchana nimemaliza. Mkono huu bado ni wa kijana. Alikuwa ananitazama kutoka kitandani. Nilipoweka tofali la mwisho akasema, "Sasa giza." Nikamwambia hewa itaingilia mlangoni.

Usije tena.

Baba yako.

21 Juni

Kwa kitindamimba,

Nakusalimu. Hujajibu barua tatu. Ile ya msiba uliipata, maana nilikuona siku ya mazishi umesimama ng'ambo ya barabara na sare yako ya kazini. Hukusogea. Ulifanya vizuri, na watu nimewaambia binti yangu anajua sheria.

Wanasema ni kile kifua. Siku sita tu baada ya dirisha. Kazi ya Mungu haina makosa.

Shangazi yako anasema umepasuliwa na damu imekauka. Basi hesabu siku saba, ya nane ulete hua wawili, imeandikwa. Mchungaji anasema kanisa halipokei ndege, akacheka. Nitawapokea mimi. Ukishawaleta utakuwa safi, urudi nyumbani, maana hakuna wa kunipikia na chumba kile siingii.

Msiba ulinichelewesha, mwezi mzima sikufungua kitabu. Sasa nimo cha nne, Hesabu, sura ya ishirini na nane. Naenda vizuri.

Baba yako anayekungoja.

26 Juni

Fundi,

Barua zote nimezipata. Damu imekauka kweli. Ndege sileti.

Marko sikuombi tena. Endelea hivyo hivyo, kwa mpangilio wako. Hii ikikufikia utakuwa unakaribia sura ya thelathini na tano. Iko mbele yako tu, huna haja ya kuruka. Inamhukumu mtu aliyemuua mtu: aliyekusudia na hukumu yake, asiyekusudia na yake. Isome polepole. Kisha uniandikie wewe ni yupi.

Mtoto wa mama yake.