Zile Picha za Kabla ya Makofi

Mikelenge, Kindu
Tarehe 11, mwezi wa tano 2025

Mupendwa bibi yangu Gisèle,

Salamu nyingi kutoka kwa bwana yako wa kwanza, babu yako Isidore, yule uliyemuacha Kindu ukaenda kuolewa na kijana wa Liège asiyejua hata kumenya muhogo. Simuonei wivu. Mwambie tu kwamba meno yangu yamebaki machache lakini bado yanauma.

Afya yako namna gani? Mutoto ameanza kutembea? Na kile kikohozi cha baridi, kimekuacha? Sisi huku tunashukuru Mungu. Magoti yananisumbua, na macho yanaona ng'ambo ya mto vizuri kuliko sahani iliyo mbele yangu. Shangazi yako Germaine alilala na malaria wiki nzima. Sasa amepona, ameanza tena kunigombeza, njo alama ya afya.

Barua hii Mardochée, fundi wenu wa kamera, ataipiga picha na telefone yake akutumie. Najua ataisoma. Basi Mardochée, jambo bwana, toa kidole mbele ya lensi, na usiruke mistari inayokuhusu.

Gisèle, nakuandikia juu ya ile karatasi ya masharti ya kazi uliyotutumia wakati munaanza kipindi chenu cha mu internet, kile cha watu waliopita njia za vita. Nilisoma mpaka darasa la tano, lakini karatasi yako nimeisoma yote, mara ingine kwa sauti, Germaine akidhani nasali. Picha ishirini na tano kwa kila sekunde! Mimi tangu nizaliwe nimepigwa labda nne, na moja ni ya kadi ya kura. Sauti isifike ku rangi nyekundu ya kipimo. Watu wanyamaze kwanza, ukimya wa nyumba urekodiwe; hapo nilicheka, utafikiri haujui majirani zetu. Kisha muntu apige makofi mbele ya kamera, ili picha na sauti vishikane, na maneno yaanze. Yote tumefuata. Diski moja iko kwako, na ya pili iko mu sanduku yangu, chini ya koti ya harusi, ili nyumba moja ikiungua kazi isipotee.

Sharti moja tu limenikwama ku koo. Lile linalosema kipindi kikishatoka, picha zote za kabla ya makofi ni majaribio tu, zifutwe ku diski zote mbili ili nafasi ipatikane. Mardochée amekuja hapa kuchukua diski afute. Nikamwambia nimepoteza ufunguo. Akarudi. Nikakaa juu ya sanduku, nikamwambia magoti yamekataa kuniinua. Sasa ananiangalia kama muntu anayemuangalia mbuzi mulangoni mwa kanisa.

Nikueleze sababu, na hapa sichezi.

Unamukumbuka Mama Amisa wa Alunguli, ng'ambo ya mto, Mwislamu, rafiki wa marehemu nyanya yako, aliyekuwa anakupa mikate ya muchele. Bwana yake Masudi alikuwa rafiki yangu. Mwaka wa 1999, wakati watu wa Kindu walikuwa wanakula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, alipakia mawese ku velo, ile baiskeli yake, aende Kalima arudishe chumvi. Alipokuwa anafunga kamba akaniambia, "Isidore, usimuchungulie bibi yangu." Nikamujibu, "Rudi mbio basi."

Hakurudi. Muntu mumoja alisema aliona velo yake Kailo, askari ameipanda. Mwingine alisema hapana, si ile. Hakuna kaburi, hakuna shati, hakuna kitu. Amisa alikataa kulia matanga. Alisema hawezi kumulilia muntu ambaye labda iko njiani. Lakini alinunua sanda, akaifunga mu plastiki: siku Masudi akipatikana, hata mufupa, avikwe.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, tulivuka kwenda kumurekodi. Sharti lako linasema kamera ionyeshwe kwanza kitu cheupe mbele ya uso wa musemaji, ili rangi zisidanganye. Mardochée akatoa karatasi yake nyeupe. Ilikuwa imelowa mafuta ya mikate tuliyokula mu mutumbwi. Nusu ya yale mafuta yalikuwa ya mikono yangu.

"Mama, hakuna kitu cheupe hapa nyumbani? Cheupe kabisa?"

"Kiko kimoja."

Akaingia chumbani, akarudi na ile plastiki. Nilijua ni nini. Nikapangusa yale mafuta ya mikono ku suruali yangu. Mardochée ni wa kanisa la uamsho, angejua wapi? "Weka karibu na uso, mama." Amisa akaweka. Kisha akaifungua sanda, akaitandika ku magoti yake, ikashuka mpaka ku mukeka, urefu wa mwanaume. Akaanza kuisemesha, polepole:

"Masudi mwana wa Saidi, mimi nimezeeka na wewe ungali kijana. Nimekungojea ya kutosha. Leo nakuvika. Popote ulipo, lala. Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarudi."

Akapitisha mikono juu ya kitambaa, kutoka kichwani mpaka miguuni, namna wanavyonyoosha juu ya maiti. Akaikunja. Mardochée alikuwa ameinamia kioo kidogo cha kamera.

"Rangi iko sawa sasa, mama. Tuanze." Akapiga makofi.

Nyuma ya makofi Amisa akaeleza vizuri njia ya Kalima, vizuizi, bei ya chumvi, wanawake waliobeba mizigo usiku. Hayo njo mulitoa, na watu wa Goma na Kinshasa wakatuma mioyo myekundu kama wamefungua duka lake. Lakini yeye alikuwa amekwisha kusema lake. Simushitaki Mardochée. Aliangalia rangi, sababu tulimutuma kuangalia rangi.

Toka siku ile Amisa akakaa eda, kama mujane wa jana. Majirani walisema akili imemutoka. Shehe wake akasema muacheni. Alipotoka mu eda nilivuka kumusalimia, nikamwambia wazi kwamba zile picha ziko, na kwamba zitafutwa. Akaniambia:

"Usiwaonyeshe watu, Isidore. Ile haikuwa ya watu. Lakini isipotee."

"Na wakinilazimisha?"

"Wewe, nani alikulazimisha kitu na ukakubali?"

Juma lililopita alifariki muzee Aboubakar, mushona viatu, jirani yake, hana mutoto wala ndugu. Watu walikuwa wanatafuta sanda. Amisa akaleta ile ya kwake. "Masudi nimekwisha kumuvika," akasema. "Hii iende na huyu aliye hapa." Tukamuzika Aboubakar nayo alasiri. Nilivua kofia, na utani wote ulinikimbia.

Sasa unaona, Gisèle. Kitambaa kiko udongoni na muntu mwingine. Kile Amisa alichomufanyia bwana yake kiko mahali pawili tu duniani: ku diski yangu na ku diski yako. Ya kwangu nimeikalia. Ya kwako sina mikono ya kufika. Nakuomba, usifute, na usitoe. Badilisha karatasi yako: mbele ya kufuta, muntu atazame kwanza mpaka mwisho, na mwenye uso aulizwe. Wewe umesoma, utapata Kifaransa chake.

Na ku kila faili munaandika jina, mahali na siku. Mardochée amenionyesha, ile inaitwa "jaribio la rangi". Mahali, acha Alunguli. Siku, acha ile ile. Jina, futa. Andika: Maziko ya Masudi.

Germaine anakusalimia, na Célestin, na Adèle ambaye anauliza kama umenenepa. Mama Amisa anakubusia mutoto ku paji la uso. Mungu awafunike wote watatu ku ile baridi, hata yule kijana asiyejua muhogo.

Wako, aliyekupenda mbele ya wote,

Babu Isidore