Lengelenge Moja Lisiloguswa

3 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na koo limepona baada ya maandamano ya hapa chuoni. Shangazi ameniarifu kwamba miezi mitatu sasa unajikuna usiku na mchana, na kwamba malengelenge yamekutapakaa mapajani na mikononi. Yeye anayaita joto. Mimi nayaita uvamizi! Natamka rasmi: usipomwona daktari wa ngozi mwezi huu, nitakuja kusimama mlangoni pako na bango.

Mjukuu wako

11 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Ni mzima, ukiondoa ngozi. Nimekwenda. Ila fundi wa nguo kama mimi hapeleki kazi kwa mtu ikiwa na mikunjo. Asubuhi nilichukua sindano, nikayatoboa yote, moja moja, nikavaa suti. Daktari akanifunua, akatafuta. “Mzee, yako wapi?” “Nimeyamaliza, mwanangu.” Akakaa chini. Kumbe alitaka moja bichi, zima, akate ngozi ikapimwe. Nisubiri lichomoze jingine.

Babu yako

13 Machi

Babu,

Shikamoo. Umeteketeza ushahidi! Pasipo lengelenge hakuna kipimo. Pasipo kipimo hakuna dawa. Na vidonda hivyo vikiingia uchafu, tutakupoteza kwa sababu ya unadhifu wako! Naazimia: sindano zote zikabidhiwe kwa shangazi leo hii.

Mjukuu wako, mwenye hasira na mapenzi

20 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Usidhani kimya changu ni ukaidi, nilikuwa mlinzi. Shangazi yako alibeba sindano, pini, hata mkasi. Likachomoza moja pajani, limetuna kama kifungo cha koti. Siku mbili nilivaa suruali ya kaka yangu mnene nisiliguse.

Daktari akakata vipande viwili, akashona. Majibu yamekuja: askari wa mwili wangu wameigeukia ngozi yangu mwenyewe. Ugonjwa huu huwapata wazee, na hauambukizi. Nikamwambia hata mimi nina mjukuu chuoni, kazi yake kuwageukia watu wake mwenyewe. Amenipa krimu kali ya kupaka mwili mzima, nisiiache ghafla hata nikijiona mzima. Muwasho umepungua, nalala.

Lakini mshono wake, mjukuu wangu! Umepinda, nyuzi hazilingani. Siku kumi na nne niliutazama. Siku ya tano shangazi yako alirudisha sindano, zikawa hapo mezani.

Sikuugusa. Muulize. Daktari aliutoa mwenyewe.

Njoo likizo. Bango liache huko.

Babu yako