Jiji Lilikuja na Bomba la Maji

Jumamosi, 3 Mei

Nimepewa kazi! Kamati ya kutetea soko inataka historia ya mji wetu, kwa Kiswahili na Kiingereza, ili watu wa jiji waisome kabla hawajalibomoa soko. Mwenyekiti ni Baba, kwa hiyo nimechaguliwa bila kuulizwa. Afadhali. Kuandika si kuongea.

Nimemhoji Bibi palepale sokoni, miguu yake haikuacha kukanyaga cherehani. Anasema tulikuwa mji kamili — meya wetu, gari letu la zimamoto. "Moja tu, na lenyewe la kusukuma!" Kati yetu na jiji yalikuwa mashamba matupu. Jiji halikutupiga vita. Lilituletea bomba la maji, tukapiga vigelegele. Mwaka uliofuata meya wetu akawa karani wao.

Jumatano, 7 Mei

Baba kaisoma historia. Kanisifu mbele ya watu! Kisha akawaapia wauzaji wote: akiwa hai, hakuna tofali litakaloguswa. Muuza mitumba akamchokoza — basi mwenyekiti, usije ukafa mapema! Tulicheka mpaka machozi. Nilivimba kichwa, nakiri.

Alhamisi, 15 Mei

Mkutano. Mhandisi wa jiji ni mgeni, hajui Kiswahili, Baba akamjibu kwa Kiingereza. Harakaharaka, huku anatabasamu. Kwamba yeye tangu Januari alishakubali soko libomolewe. Kwamba wazee hawa atawatuliza. Kwamba ile historia imesaidia, imewapa la kufanya. Na duka lake kwenye jengo jipya liwe la chini, upande wa barabarani.

Historia yangu!

Kisha akawageukia wauzaji kwa Kiswahili: jiji limeahidi kulifikiria suala letu. Makofi! Bibi alipiga kuliko wote. Mimi nilikuwa nyuma ya Baba, nimesikia yote. Alinisahau? Shule iliyonifundisha Kiingereza kanipeleka yeye mwenyewe.

Sasa niko chumbani. Uani kumejaa watu, wanashangilia. Bibi ananiita — mjukuu wangu, si unaijua lugha yao? Njoo utueleze neno kwa neno, tuonje utamu! Muuza mitumba anasema mwacheni, huyo ana haya kama bi harusi. Bibi anamjibu haya haijengi soko.

Baba kaingia mara moja, kafunga mlango. Kanisemesha Kiingereza. Humu ndani hajawahi! Polepole, kwa upole, kwa tabasamu lileile alilompa mhandisi. Eti mimi ni mtu mzima sasa, naelewa. Kanipapasa bega. Katoka.

Bibi anagonga.

Nimeshavaa kandambili. Natoka kuwaeleza, neno kwa neno.