Mstari Uliomeza Kazi ya Machibya

Mama Odeta, shikamoo. Nakuandikia nikiwa sina raha hata ya kukaa kitini, naomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, kwetu Bukoba, nafanya kazi hapa Nyakato katika ofisi ya watu wanne, tunaandika programu ya kompyuta ya kupokelea samaki kiwandani, na kazi zetu zote tunaziweka katika kompyuta moja tunayoiita ghala, jioni kila mtu anaingiza alichoandika, na ghala linatunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe. Sasa Mama, ukiwa na faili jipya ambalo hujaliingiza, kompyuta inakuwekea alama ya kuuliza mbele ya jina lake ili usilisahau, lakini zipo takataka nyingi zisizotakiwa ghalani, kwa hiyo tuna orodha moja ya pamoja ya majina ya kupuuzwa, na jina likiwa humo kompyuta haiulizi tena, inalipita kimya.

Mwezi wa tatu nilikuwa najaribu mizani ya kiwandani, majaribio yangu yakajaza mafaili, mizani1, mizani2, hadi mizani mia na kitu, zile alama za kuuliza zikanichosha macho, nikaandika katika orodha ya wote mstari mmoja kwamba kila kinachoanza na neno mizani kipuuzwe, sikumwambia mtu, nikaenda kunywa chai. Sikujua kwamba mwenzangu, nimwite Machibya ingawa silo jina lake, alikuwa amepewa kuandika sehemu ya kupima uzito, na kila faili lake alilianza na mizani, basi kila jioni anatazama, haoni alama ya kuuliza hata moja, anajua yote yameingia, anafunga, anakwenda zake nyumbani Mkolani. Wiki sita, Mama! Ndipo umeme ukakatika, uliporudi ukaunguza kompyuta yake, tukafungua ghala, sehemu ya mizani haimo.

Bosi alimwambia mbele yetu kwamba alikuwa anakula mshahara wa bure, na mkataba wake ukiisha mwisho wa mwezi huu hautaongezwa. Huyu ni mtu aliyepunguzwa kazi shirika lake lilipobinafsishwa, kompyuta kajifunzia ukubwani, ana watoto watatu. Mimi niliukumbuka ule mstari siku hiyohiyo, nikanyamaza. Juzi aliniambia, "Dada, mimi nilikuwa naangalia kila siku, au akili yangu imeanza kuchoka?" nami nikamjibu, "Pole kaka, hutokea."

Tangu hapo situlii, naunguza ndizi jikoni, nafungua ile orodha mara kumi kwa siku, nausoma mstari wangu, naifunga. Je, niufute kimya kimya yaishe? Ofisi nzima mwanamke ni mimi peke yangu, na waliosema wanawake na kompyuta wapi na wapi watapata la kusema. Naomba jina langu lisitajwe.

Asiyetulia, Nyakato, Mwanza

Marahaba, Asiyetulia.

Nimekusoma hadi mwisho, na kukasirika nimekasirika. Si kwa ule mstari. Hata mimi nimewahi kutupa maganda pamoja na kisu cha jirani. Kilichonikera ni hiyo "Pole kaka" yako. Mtu mzima anaanza kukiogopa kichwa chake mwenyewe, dawa unayo wewe, halafu unampa pole?

Hofu yako naielewa, tena sana. Mwanamume akikosea ofisini wanamtaja jina, mwanamke akikosea wanasema wanawake. Inauma. Lakini heshima yako usiisimamishe juu ya mgongo wa mtu asiye na kosa.

Kuufuta usithubutu! Umeniambia mwenyewe kwamba ghala linaandika kila badiliko. Ukiufuta leo litaandika na hilo, na kosa la bahati mbaya litageuka la kusudi. Njia ya mwongo ni fupi, na yako haifiki hata Usagara, hapo nje tu ya mji wenu.

Kesho asubuhi, kabla ya hiyo chai, mwite Machibya umwonyeshe mstari. Atakasirika. Mwache akasirike, na usilie ili akubembeleze. Kisha nendeni wawili kwa bosi, ghala likiwa wazi, aone tarehe kwa macho yake, nawe umwambie kwamba mtu huyu alifanya kazi wiki zote sita na mkataba wake uongezwe. Jitolee kukaa naye kuiandika upya, maana aliyeiandika mara moja bado anayo kichwani, na wewe una mikono. Kuhusu orodha, kompyuta siijui, lakini kama inawezekana kila mtu awe na yake, takataka zako zikae kwenye yako, na ile ya wote isiongezwe neno mpaka wanne wote mmeambiana.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini ghala lenu linalo, na siku moja mtu atalifungua. Afadhali Machibya alisikie kinywani mwako kabla hajalisoma humo.