Mtori wa Saa Nane

Uru, 14 Agosti 1996

Kaka Elimringi,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Dar. Mimi ni mzima. Mama yuko hospitali tangu Jumamosi, anaharisha na kutapika, na daktari anahofia maji yanavyomwishia mwilini.

Tulipomleta kwenye makao haya ya wazee ninakopika, tulisema jikoni kwangu atakuwa salama. Hatukumhesabu Bwana Thadeus, msimamizi. Huyu alikwenda semina Arusha siku mbili, akarudi na kipima joto cha chakula, sasa anakichomeka mfukoni kama kalamu ya mkurugenzi. Anatuhubiria kwamba chakula cha wazee kikae moto hadi kinapoliwa. Hotipoti tulizopewa kwa kazi hiyo hiyo amezifungia kwenye kabati la kioo ofisini, eti ni vyombo vya wageni. Bibi Ndelilio, mmoja wa wazee wetu, aliuliza ni mgeni gani atakayehamia humo kabatini, akaambiwa hana adabu.

Jumamosi walikuja wafadhili. Mtori wa ndizi, nyama na maziwa ulikuwa tayari saa tatu asubuhi. Thadeus akaamuru moto uzimwe, moshi usije ukaharibu picha, na wazee wasile kabla wageni hawajafika. Wakafika saa nane. Wao wakala wali wa kwenye hotipoti, alioupima Thadeus mara tatu mbele yao, mpuuzi yule. Wazee wakapewa mtori uliopoa. Usiku wazee wanne, Bibi Ndelilio akiwemo, wakaanza kuharisha, Mama akiwa hoi kuliko wote. Kwenye ripoti Thadeus ameandika kwamba ni uzee. Mtu mzima na miwani yake, anaandika uzee.

Kaka, nimemsema vya kutosha. Sasa nikueleze langu. Niliuonja ule mtori kabla ya kupakua. Ulikuwa umeanza kuchacha. Nikakamulia ndimu, nikaongeza chumvi, kwa sababu niliogopa kusema mbele ya wageni kwamba sufuria nzima imwagwe. Bakuli la Mama nililijaza mwenyewe.

Jana muuguzi alimwuliza alikula nini siku ile. Mama akamjibu, "Si chakula. Mpishi ni mwanangu, hawezi kunipa kibaya." Nilikuwa pale pale, nimemshikia beseni.

Nikimaliza kuandika naenda kumwambia daktari. Kumwambia Mama nimeshindwa. Njoo upesi, unisaidie kusema angali anasikia.

Wasalimie wifi na watoto. Bibi Ndelilio naye anakusalimu, anaendelea vizuri.

Mdogo wako,
Gladys