Taa Niliyoichungulia Maabarani

Kalundu,
Kitui.
16 Juni 2024

Mpendwa kaka Nzomo,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana. Hujambo huko Doha? Joto limepungua ama bado linawachoma? Huku tuko salama, isipokuwa mimi kidogo, na ndiyo maana nimeketi kukuandikia. Kwa simu ningelia tu.

Nyumbani Mbooni mvua ilinyesha vizuri, maharagwe yameiva. Mwaitu, mama yetu, goti linamsumbua, lakini kanisani hakosi. Baba anazidi kuuzoea upofu wake. Siku hizi anafika zizini peke yake akipapasa ua.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Unajua nilirudi chuo kusomea kemia. Kazi niliyopewa ni kupima ukali wa asidi ya kitu kinachoitwa naitrofenoli. Ukikitia kwenye asidi hakina rangi; kwenye maji ya magadi kinageuka manjano. Unakiweka kwenye kichupa, mashine inapitisha mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana, halafu inakuonyesha ni mwanga kiasi gani umemezwa. Unabadilisha asidi kidogo kidogo mpaka upate mahali ambapo nusu imegeuka na nusu bado. Hapo ndipo jibu lilipo.

Siku hiyo nambari zilianza kurukaruka. Evanson, fundi wa maabara, alikuwa ametoka. Nikafikiri taa ya mashine imezimika, nikafungua kifuniko, nikainama kuichungulia. Ilikuwa inawaka, buluu hafifu, hata inapendeza. Nilikuwa bado nashikashika waya Evanson aliporudi.

"Wavinya, funga! Hiyo taa haiangaliwi!"

Nilicheka, maana sikuhisi chochote. Lakini jioni nikipika, macho yakaanza kuwasha, kisha yakawa kama yamemwagiwa mchanga na pilipili. Nikajaribu kuyafungua, yakakataa. Kaka, niliogopa vile sijawahi kuogopa. Nilitafuta mlango kwa mikono, nikapapasa ukuta vile Baba hupapasa.

Jirani yangu Gakenia alisikia nikiita. Alinipeleka hospitali kwa boda boda, amenishika kiuno nisianguke. Daktari akanitia dawa, akasema mwanga wa taa umeunguza ngozi ya juu ya macho na itapona yenyewe. Sikumwamini. Nililala macho yamefungwa bandeji, nikiomba na kusahau nilichoomba.

Asubuhi Mwaitu alipiga simu, na Baba akataka kuongea nami. Sikuweza kumficha.

"Yanauma?" akauliza.

"Yanauma sana, Baba."

"Basi shukuru. Yangu hayakuwahi kuuma."

Bandeji zilipotolewa niliona dirisha, nikaona uso wa Gakenia, analia kuliko mimi. Nikadhani yameisha. Lakini nilipomtajia daktari habari za Baba, aliuliza alipofuka kwa nini, akanipima tena kwa kifaa kingine, halafu akanieleza. Mwanga ule ulikuwa umenisamehe. Shida ni presha ya macho, ugonjwa ule ule wa Baba. Umeanza kwangu. Nimepewa dawa ya matone, nitaitia maisha yangu yote.

Nimerudi maabara, Evanson hanibanduki. Jibu letu lilitoka saba nukta moja, karibu sawa na la vitabuni, mwalimu akafurahi. Mimi furaha sikuiona. Kila mara najikuta nimefunika jicho moja, kisha lingine, nikiangalia kama kwa pembeni pameingia giza.

Kaka, daktari alisema ugonjwa huu uko kwa damu ya ukoo. Wewe ndiye mkubwa wangu, na kazi yako ni kuendesha kreni juu ya vichwa vya watu. Nakusihi, nenda upimwe wiki hii. Usiniambie unaona vizuri. Hata mimi naona vizuri.

Nisalimie binamu yetu Musyimi, na umwambie naye aende. Mwaitu, Baba na shangazi Kasiva wanakutaja katika maombi kila jioni. Mungu akulinde kule juu, akurudishe nyumbani utuone sote.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Wavinya